Mkato wa Saba: Kwa Baba Yetu, Volkmar Reusche

Mwaka umetimia Alhamisi hii, Baba, tangu ulipotoka kwenda kuchuma njegere bustanini ukiwa na viatu vyako vya ndani, ukakaa kwenye kiti cha turubai, na hukuinuka tena. Mama alikuita mara mbili uje unywe kahawa. Mara ya tatu alikufuata mwenyewe. Daktari alisema moyo ulisimama bila kukuumiza, na neno hilo tumelishikilia mwaka mzima.

Matangazo ya namna hii huwa mafupi. Watu huweka picha, mistari mitatu na majina, basi. La kwetu ni refu, na gazeti la Hallerode limetuvumilia, kwa sababu tuna habari ya kukupa. Ni habari njema. Tena tunataka waisome wote waliokuwa wakikuita Mzee Mikato, maana wengi wao bado wapo, na bado wanakucheka kwa mapenzi kila wakikutana sokoni Jumamosi.

Lakini kwanza tukusifu kidogo, kwani ndiyo desturi, na wewe ulipenda desturi zifuatwe.

Ulikuwa mtoto wa mkuu wa stesheni ndogo ambako kwa siku zilisimama treni mbili tu. Ulijifunza kinanda kanisani kwa sababu kanisani ndiko kulikokuwa na kinanda. Ukiwa na miaka ishirini na mitatu uliingia jumba la opera la Hallerode kama mpiga piano wa mazoezi, yaani yule anayefungiwa na waimbaji kwenye chumba kisicho na dirisha, mmoja baada ya mwingine, akiwarudishia mstari uleule mpaka uwaingie kichwani. Hiyo ilikuwa miaka sita. Ndipo wakakupa kijiti cha kuongozea okestra: kwanza kwenye maonyesho ya watoto ya Krismasi, kisha vichekesho vya Jumapili mchana, kisha opera zenyewe. Mwishowe ukawa mkuu wa muziki wa jumba zima kwa miaka kumi na mitano, mpaka ulipostaafu. Berlin hukuwahi kuongoza. Redio walikurekodi mara moja, na siku hiyo mpiga pembe alikuwa na mafua.

Mama, Gerlind wako, alikuwa fundi cherehani wa jumba hilohilo. Mlijuana kwa sababu ya koti lako jeusi, ambalo lilifumuka kwapa la kulia kila baada ya wiki mbili. Mara ya tatu alikuuliza, akiwa na sindano mdomoni, "Hivi wewe unaongoza muziki au unafukuza nyuki?" Ukamjibu kwamba inategemea nani anaimba. Kuanzia hapo koti likawa linafumuka kila wiki, na Mama anasema mpaka leo kwamba ulikuwa unalifumua mwenyewe.

Watu wa okestra ulikuwa ukiwajua kwa majina, na watoto wao kwa majina, na mbwa wao pia. Bi Ortrud wa viola alipofiwa na mumewe, kiti chake ulikiacha mahali pake kila mazoezi, wiki tisa, na hukuruhusu mtu akikalie. Aliporudi, ulifungua kitabu, ukataja ukurasa, mkaanza. Kabla ya kila onyesho ulipita jukwaani kuwatemea waimbaji mate ya uongo juu ya bega la kushoto, mara tatu, ndiyo namna ya kutakiana heri, na ole wake mgeni aliyekujibu asante, maana kwa watu wa jukwaani asante inaharibu onyesho zima. Ulimrudisha mlangoni aingie upya.

Na koti la pili liliishi kwenye buti la gari. Hili wasiokuwa watu wa kazi hii hawalijui: miji yetu mingi ina jumba lake la opera, na kila siku ya Mungu kuna mwongoza okestra mahali fulani aliyeamka na homa. Onyesho haliahirishwi kwa homa. Anatafutwa mwingine. Simu ilikuwa inalia tukiwa kwenye mikate ya asubuhi, sauti ngeni inauliza, "Bwana Reusche, hii unaijua? Unaweza leo jioni?" Wewe opera arobaini na mbili ulizijua kiasi cha kuziongoza bila zoezi hata moja. Siku ya kipaimara cha mwanao Henning, wageni wote wamekaa mezani, uliondoka na mfupa wa kuku mkononi. Henning alishasamehe. Anasema mfupa hajausamehe, alikuwa ameutaka yeye.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Opera nyingi ni ndefu kuliko subira ya watu na kuliko basi la mwisho. Kwa hiyo kila jumba hukata vipande vyake: beti hapa, kurasa mbili pale. Katika vitabu vya wapigaji, kipande kilichokatwa hufunikwa kwa ukanda wa karatasi, na wote huruka pamoja. Tatizo ni kwamba hakuna majumba mawili yanayokata sawasawa. Mgeni anayeitwa asubuhi lazima aambiwe mikato yote kabla hajashuka kwenye shimo la okestra, pale chini mbele ya jukwaa, la sivyo yeye ataendelea na wenzake wataruka.

Machi mwaka 1993 walikupigia kutoka Brunsleben, mwendo wa saa nne kwa treni. Opera ya Kiitaliano ambayo kila mtu anaijua. Ulisema ndiyo, ukabusu watu, ukaenda. Treni ikachelewa, kama kawaida yake. Onyesho lilikuwa saa moja na nusu jioni, na wewe ulifika mlango wa nyuma saa moja na dakika kumi. Mtunza vitabu vya muziki wa jumba, mzee Puhlmann, alikuwa anakusubiri anahema kuliko wewe. Ulibadilisha suruali huku yeye anakusomea mikato, na wewe unaiandika kwa penseli kwenye kitabu chako mwenyewe, umekiegemeza kwenye sinki. Mpiga fidla wa kwanza ulimpa mkono ukiwa mbioni. Mwimbaji mkuu hukumwona kabisa mpaka alipotokea jukwaani. Aliitwa Almut Seyfarth, ana miaka ishirini na sita, ndiyo nafasi yake kubwa ya kwanza, na ukumbini alikuwapo wakala wa waimbaji kutoka Hamburg aliyekuja kumsikiliza yeye tu.

Katika sehemu ya pili ana wimbo wake mkubwa. Ubeti wa kwanza, ulituambia, ulikwenda vizuri mno, ukaanza hata kufurahi. Kwenye ubeti wa pili fidla zikaendelea nawe, lakini klarineti na pembe zikaruka mbele. Ikawa kama watu wawili wanakusimulia habari mbili kwa wakati mmoja. Almut alishika mistari miwili, mitatu, kisha akanyamaza. Na nyinyi mkanyamaza. Pazia likashuka.

Nyuma ya pazia akaja mkurugenzi wa jumba, shingo nyekundu. "Nani?" aliuliza. Mpiga klarineti wa kwanza akafika na kitabu chake, akakuonyesha ukanda wa karatasi. "Hapa kuna mkato, Bwana Reusche. Upo siku zote. Ni mkato wa saba." Ulitazama kitabu chako. Penseli ilikuwa imeandika sita. Ukanyoosha mkono kama mwanafunzi, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo, ukasema, "Kosa ni langu."

Baada ya dakika tano mlianza tena, mkaruka ubeti ule, mkamaliza, watu wakapiga makofi ya huruma. Wakala wa Hamburg alikuwa ameshaondoka. Mwisho wa Oktoba mwaka uleule, siku ambayo majumba yote lazima yawe yamewaambia wasanii nani anabaki na nani anaondoka, Almut aliambiwa anaondoka. Habari ilikufikia kwa mwimbaji mmoja wa kwaya. Tulikuwa mezani. Uliweka kijiko chini, ukasema, "Nimemvunjia binti wa watu maisha kwa sababu ya penseli," na supu hukuimaliza.

Opera ile hukuiongoza tena. Hallerode waliiweka mara mbili, na mara zote mbili ulimwachia naibu wako ukasingizia mgongo.

Na hapo ndipo alipozaliwa Mzee Mikato. Kabla ya kila onyesho, miaka yote iliyobaki, ulipita meza kwa meza kwenye shimo la okestra ukiwasomea watu mikato waliyoijua kuliko majina ya wake zao. "Mkato wa kwanza, ukurasa wa thelathini na moja, tunaruka mpaka thelathini na nne." Walikuwa wanaitikia nawe kama sala. Detlef wa ngoma alikuambia siku moja, mbele ya wote, "Bwana Reusche, simfoni hii haina mkato hata mmoja." Ukamjibu, "Basi tukumbushane kwamba haina." Walicheka mpaka muziki ukachelewa kuanza. Wewe hukucheka.

Nyumbani hatukucheka pia. Tulikuwa tunakuona mezani, hata likizo, hata kwenye harusi ya binti yako Frauke, vidole vyako vinahesabu pembeni ya sahani: moja, mbili, tatu, mpaka sita, halafu vinasimama. Mama alikuwa anaweka mkono wake juu ya wako, anaendelea kuongea na wageni kama hakuna kitu. Alikuambia mara mia kwamba waliokuita walikuwa wanakushukuru, si wanakulaumu. Ilikuingia sikio hili ikatokea lile.

Majira ya baridi ya mwisho, mnamenya viazi, ulimwambia, "Gerlind, kuna mtu alipaswa kwenda kumwomba radhi yule binti. Nilijua ni mimi. Sikuthubutu."

"Bado hujafa," Mama alisema. "Nenda."

"Nikimkuta anafagia sakafu mahali?"

"Utamshikia kizoleo."

Ulicheka, lakini hukwenda. Ukaja mwezi Juni, na njegere.

Mama alikaa na jambo hilo miezi saba. Tulimwona anavyolizungukia. Koti lako jeusi alilishona kwapa kwa mara ya mwisho, akalitoa kwa jumba. Vitabu vyako akavifuta vumbi kimoja kimoja. Kisha Februari akasema, "Mtafuteni." Frauke alikuwa na hofu, akamwambia ukweli: "Mama, tukimpata na tukakuta ameharibikiwa kweli, utafanyaje?" Mama akasema atafanya kile ambacho mumewe angefanya kama angekuwa na ujasiri, ataomba radhi na atakula matusi. Alisema hivyo, halafu usiku wa pili na wa tatu hakulala, tuliona machoni pake.

Frauke aliwapigia wastaafu wa kwaya ya Brunsleben, mmoja akimtuma kwa mwingine, mpaka Almut akapatikana: mji mdogo wa Oberwiehe, ana kliniki ya kuwafundisha watu kusema upya baada ya kiharusi. Mama akapiga simu. Dada wa mapokezi akamuuliza shida yake ni nini. Mama, kwa woga, badala ya kujieleza akasema, "Kuna jambo nashindwa kulitamka." Akapewa miadi Jumatano saa nne.

Alikwenda na keki ya mbegu za mpopi kwenye bati, maana mikono mitupu hawezi. Njia nzima kwenye treni alikuwa anafanya mazoezi ya maneno yake. Henning alitaka kumsindikiza. Akamkatalia: "Hili ni la mimi na Baba yako."

Almut alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na saba, nywele za mvi fupi, miwani yenye kamba shingoni. Alimkalisha Mama kitako, akafungua daftari. "Tuanze na jina lako kamili. Taratibu, hatukimbizwi."

"Gerlind Reusche."

Almut akainuka, akaenda kufunga dirisha, ambalo lilikuwa limefungwa tayari. "Reusche wa Hallerode?"

"Mume wangu. Alifariki Juni."

"Nilisoma. Pole sana, Bi Reusche. Nilitaka kuandika, nikaona haya."

Mama hakusikia hayo, alikuwa ameshaanza. Aliyamwaga yote bila kupumua: kwamba amekuja kwa niaba yako, kwamba hukusahau siku moja, kwamba ulikuwa mtu makini na ilikuwa mara ile moja tu, kwamba hategemei msamaha, kwamba kama kuna lolote familia inaweza kufanya. Keki ilikuwa bado mapajani.

"Ngoja kidogo," Almut alisema. "Radhi ya nini?"

"Ya mkato wa saba."

Almut alivua miwani. "Bi Reusche, jioni ile mikato ilikuwa sita."

Mama anasema hakuelewa. Alimwambia hapana, ni saba, mimi nimekaa na hiyo saba miaka thelathini.

Ndipo Almut akamweleza, na sisi tunakueleza wewe, Baba, kwa mpangilio, kwa sababu ulipenda mambo yaende kwa mpangilio. Mchana wa siku ile Almut alikwenda kwa mzee Puhlmann, akamsihi afungue mkato wa saba ili wakala asikie na ubeti wa pili. Hakumwuliza mkurugenzi. Puhlmann alimpenda kama binti yake, akakubali. Alibandua kanda za karatasi kwenye vitabu vyote vya fidla, viola na besi. Lakini klarineti na pembe walikuwa wamebeba vitabu vyao nyumbani, wanafanya mazoezi. Akasema atawaambia jioni wakifika. Jioni walipofika yeye hakuwapo shimoni. Alikuwa mlango wa nyuma, anaingoja treni yako.

Kwa hiyo alikusomea sita. Na wewe uliandika sita.

Mama alikasirika. Tunalisema hili kwa sababu ni kweli, na Almut ametuambia tuliseme. "Miaka thelathini," Mama alisema. "Mtu anahesabu vidole kwenye harusi ya mwanawe. Wewe ulikuwa na simu. Ungepiga hata mara moja."

"Nilidhani anajua."

"Angejuaje?"

"Aliponyoosha mkono, nilidhani ameshaelewa na ananificha. Mkurugenzi yule angenila mzima. Nikasema moyoni, huyu bwana hajawahi hata kunipa mkono, na ameubeba mzigo wangu mbele ya watu. Halafu mzee Puhlmann akanishika mkono pale nyuma ya pazia, akaniambia, binti, nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nikanyamaza. Kesho yake nikaona aibu kwamba nimenyamaza. Mwaka uliofuata aibu ilikuwa kubwa zaidi. Mwishowe niliona bora nibaki na shukrani yangu tu, nisimsumbue."

"Na wale wa fidla? Wao si waliona karatasi zimebanduliwa?"

"Waliona. Walidhani ni yeye ameagiza. Aliposema kosa ni langu, wote wakasema, sawa, ni lake."

Unaona, Baba? Mkono wako uliokuwa mwepesi kunyooka ndio uliowafunga wote midomo. Ungekawia nusu dakika tu, mtu angesema.

Mama akauliza lile alilokuwa analiogopa kuliko yote. "Na kazi yako? Tulijua tumekuvunjia kazi."

Hapo Almut alicheka, na Mama anasema kicheko hicho ndicho kilichomfanya aamini, kuliko maneno. "Nani kasema? Alikuja mkurugenzi mpya na watu wake, akatuondoa kumi na wawili kwa mpigo, hata mchoraji wa mandhari ya jukwaa. Unajua nilifanya nini nilipoambiwa? Nilikwenda nyumbani nikalala saa kumi na moja mfululizo. Nilikuwa natapika kabla ya kila onyesho, Bi Reusche. Kila onyesho, miaka mitatu. Sikuwa na ujasiri wa kuacha mwenyewe."

"Na yule wakala wa Hamburg?"

"Dada yangu alikaa nyuma yake. Alisinzia tangu sehemu ya kwanza."

Basi Mama akaanza kulia, na katikati ya kulia akaanza kucheka, na Almut naye, wakaikata keki kwa rula kwa sababu kisu hakikuwapo. Dada wa mapokezi aligonga kusema muda umekwisha. Almut akamwambia mgonjwa huyu ana hali ngumu, aongezewe saa.

Kabla Mama hajaondoka, Almut alimwambia jambo moja la mwisho, ambalo sisi hatukulijua kwa sababu hukulisimulia kamwe. Pale aliponyamaza jukwaani, mwanga wote usoni mwake, watu mia sita wanamtazama, alitazama chini shimoni. Alitegemea kuona mtu anampungia mikono kwa hasira. Akakuona umeweka kijiti mezani. Umemwinulia uso, na midomo yako inasema bila sauti, "Pumua. Tuko hapa." Ulikaa hivyo mpaka pazia liliposhuka. Almut anasema kila siku watu wanamkalia mbele wakiwa wamekwama katikati ya neno, na kila siku huweka kalamu chini, huwainulia uso, huwaambia maneno hayohayo.

Mama alimpigia Frauke kutoka kwenye treni. "Hakukosea," alisema.

"Nani?"

"Baba yako. Hakukosea hata kidogo." Na kwa kuwa mawasiliano yalikuwa yanakatika, akarudia kwa sauti, behewa zima likasikia, bibi mmoja wa kiti cha mbele akageuka akasema, "Heri yako, mama. Wa kwangu alikosea kila kitu."

Henning, unamjua, haamini kitu mpaka akione mara mbili. Alimtafuta mpiga fidla wa kwanza wa siku ile, mzee wa miaka themanini na minane. Mzee akakumbuka kanda zilizobanduliwa, zilikuwa zimeacha gundi, ukurasa ukamnata kidole. "Tulishangaa," alimwambia Henning, "mgeni amefika mbio hivi na bado ana muda wa kufungua mikato." Henning akaweka simu chini, akatoka nje kwenye baridi bila koti. Aliporudi alisema, "Basi imekwisha," na alikuwa anatabasamu kama ambavyo hatukumwona akitabasamu tangu Juni.

Hatukufichi kwamba imetuuma pia. Ungejua, ungeongoza tena opera ile uliyoipenda kuliko zote, na ungekula supu yako. Tulimlaumu Puhlmann siku mbili tatu, kisha tukamwonea huruma, maana naye amelala kaburini na siri yake, na yeye alitaka tu binti asikike. Almut tulimwalika Pasaka. Alikuja na mumewe. Mama alimpa kiti chako, na hakuna aliyeguna.

Lakini zaidi ya maumivu, Baba, tumepumua. Ni neno hilo tu tunalolipata. Nyumba ni nyepesi. Mama analala. Mwezi huu alipata habari kwamba Hallerode wataiweka tena opera ile msimu ujao, akanunua tiketi nne siku ya kwanza, safu ya pili, akasema anataka kuusikia ubeti ule mpaka mwisho.

Kesho yake baada ya Oberwiehe alikuja kwako mapema, na viatu vya bustani, bila maua. Alikuwa akiwacheka siku zote wanaoongea na makaburi. Alitazama kulia na kushoto, hakuna mtu, akakuambia yote kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwambia mwenzake aliyeko chumba cha pili kwamba ile barua aliyoitafuta imeonekana. Alipomaliza alisubiri kidogo. Kisha akasema, "Sasa unaweza kuacha kuhesabu," akarudi nyumbani kuweka kahawa.

Wanaokukumbuka: mkeo Gerlind. Binti yako Frauke na mumewe Jörn. Mwanao Henning. Wajukuu zako Wiebke na Lasse. Dada yako Irmtraud. Bi Ortrud wa viola, Detlef wa ngoma, na okestra nzima ya Hallerode, ambao wameahidi kutokukuita tena Mzee Mikato na hakuna anayewaamini.

Na Almut Seyfarth wa Oberwiehe, ambaye ameomba jina lake liandikwe hapa, gazetini, watu wote walione, na chini yake maneno haya: Kosa lilikuwa langu.

Tutakukumbuka siku zetu zote, Baba, na sasa tunakukumbuka kwa moyo mweupe.